Wimbo Wangu Ulivyounyima Msiba Chakula

Mlionisoma wiki jana mliniacha kwenye kibanda cha simu nje ya kituo cha mafuta, kofia mkononi, nikilia mbele ya bendi yangu nzima. Kwa aliyechelewa kufika, nampa kwa ufupi. Mimi ni Lyle Hatchett, mwimbaji wa nyimbo za kantri za kejeli, kiongozi wa bendi ya Mashemasi Walioteleza. Kazi yangu ni kuwachekesha watu hawa kwa kuwacheka watu wale. Nilikuwa nimetimuliwa kwenye kipindi kikubwa cha redio kule Nashville kwa kumtania mdhamini hewani, nikadhani hilo ndilo balaa lenyewe. Kumbe cha mtoto. Dada yangu Nadine alikuwa akinitafuta kila mji tuliopita, aniambie Baba amefariki.

"Amefia wapi?" nilimuuliza kwenye simu.

"Nyumbani. Kwenye kiti chake, barazani. Njoo, Lyle."

Tukaenda. Basi letu liliingia Tolliver, Texas, Jumatano kabla ya saa sita mchana, na ubavuni limechorwa shemasi anayeanguka kutoka mimbarini na chupa yake. Mwaka mzima nilikuwa nikijivunia mchoro ule. Siku ile nilimwambia dereva aliegeshe nyuma ya ghala, ubavu wa shemasi uelekee ukutani.

Nadine alifungua mlango. Hakunikumbatia.

"Pita jikoni," alisema.

Nikapita. Nyuma yangu alikuja Doyle Pettus, mpiga gitaa wangu, lile la kulazwa mapajani, mtu mwenye njaa ya kudumu.

"Unaona nini mezani?" Nadine akaniuliza.

"Sioni kitu."

"Tazama vizuri."

"Nadine, meza ni tupu."

"Haya. Hayo ndiyo matunda ya wimbo wako."

Doyle akavua kofia yake, akaitazama meza kana kwamba ndiyo maiti.

Kwetu Tolliver mtu akikata roho, chakula hutangulia machozi. Daktari hajafunga mkoba wake, hodi zimeshaanza: kuku aliyeokwa na wali na jibini, saladi ya viazi, maharage, jeli ya kijani yenye vipande vya nanasi, pai za njugu za pekani. Chini ya kila bakuli hubandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenye bakuli, ili msiba ukiisha mfiwa alirudishe kwa mkono wake na kusema asante. Ukitaka kujua marehemu alipendwa kiasi gani, huangalii jeneza. Unaangalia meza.

Baba alikuwa fundi wa pampu za upepo. Katika wilaya ile yote hakuna ng'ombe aliyekunywa maji ambayo mkono wa Baba haukuyapandisha. Na mezani kwake hapakuwa hata na kijiko cha maharage.

Sababu mnaijua, maana wengi wenu mmeicheza.

Mama alipofariki, miaka ile, wanawake wa kanisa letu walimletea Baba chakula kwa wiki nyingi. Aliyezidi wote alikuwa Bi Vernell Stovall, mpiga piano wa kanisa, mwanamke asiyepata kuolewa, na kofia yake yenye matunda ya cheri ya plastiki. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani na gitaa langu. Badala ya kuona huruma, nikaona kichekesho. Nikatunga "Kaburi Lingali Bichi":

*Kaburi lingali bichi, hodi tena mlangoni,*
*Ni Velma na kuku wake, marashi hadi shingoni,*
*Mzee, kula kwa hofu, utaulizwa mwishoni,*
*Bakuli ukirudisha, pete iwe kidoleni!*

Vernell nikamwita Velma, nikajiona nimemficha. Nilikuwa nimemficha kama mtu anayeficha ng'ombe nyuma ya ufagio. Kofia ya cheri niliiacha vilevile kwenye ubeti wa pili, kwa sababu watu walicheka sana hapo.

Wimbo ule ndio ulionitoa. Kila baa yenye mashine ya santuri iliupiga. Wachunga ng'ombe waliuimba. Na kila mwanamke wa Tolliver aliyewahi kubeba bakuli kwa moyo safi alijisikia anachekwa yeye.

"Wamekubaliana," Nadine aliniambia. "Bi Opal Ketchum alisema waziwazi, pale dukani, mbele za watu. Alisema, 'Lyle ana mdomo mkubwa, na awalishe wageni wake kwa huo mdomo.'"

"Si wamchukie mtu mmoja, mimi? Baba amewakosea nini?"

"Sasa utamwuliza nani hilo, Lyle? Mimi? Jioni hii Baba mdogo Wendell anafika na watu wa Oklahoma. Mchungaji Ragsdale anakuja. Watakuta nini? Watasema Orrin Hatchett ameishi hapa maisha yake yote na hakuna aliyemlilia."

Alikuwa amebeba suti ya Baba mkononi, anaipeleka kwa watu wa maziko.

"Usiguse kitu," alisema akiwa mlangoni. "Usifanye lolote. Mara moja tu katika maisha yako, Lyle, kaa tu."

"Nimesikia."

Nilisikia kweli. Tatizo langu halijawahi kuwa masikio.

Pikapu yake haijafika barabara kuu, Doyle akakohoa.

"Bosi, kule Bixby kuna mkahawa. Wanapika kila kitu."

"Doyle, dada yangu amesema nini sasa hivi?"

"Amesema usiguse kitu. Mimi sijaona kitu cha kugusa."

Tukaenda Bixby na basi. Nikanunua kuku, viazi, maharage, jeli, pai. Nikanunua na mabakuli mapya, maana yale ya Mama, Nadine angeyatambua hata kwa kupapasa. Tukarudi mbio, tukapakua, meza ikajaa. Hapo ningeacha, ingekuwa nusu ya dhambi. Lakini mwongo hawezi kuona pengo bila kulijaza. Nikaenda kwenye kabati la dawa nikatoa plasta ya Baba.

"Ya nini tena hiyo?" Doyle akauliza.

"Bakuli lisilo na jina ni la dukani."

"Bosi, hapo sasa unatafuta makubwa."

"Andika na wewe. Miandiko isifanane."

"Mimi sijui majina ya mama za watu wa huku!"

"Nitakutajia."

Nikakumbuka utoto wangu, nani alipika nini. Saladi ya viazi, Opal Ketchum. Kuku na wali, Ruby Haskew, mwanamke aliyekuwa akinipa bawa kwa siri kabla ya ibada. Wengine nikaandika kwa mkono wa kushoto. Nilipofika kwenye jina la Vernell Stovall, kalamu ikagoma. Hilo sikuliandika. Aibu ilikuwa bado imebaki kidogo, nikaipigia makofi moyoni kama mtu aliyefanya jambo kubwa.

Watu wa maziko wakaleta jeneza, wakaliweka sebuleni, wakalifungua. Sikwenda kumtazama Baba. Nilijiambia nina kazi ya kupanga vijiko.

Kisha Nadine akarudi.

Alisimama mlangoni mwa jikoni, mkoba ukamtoka mkononi. Akasogea taratibu. Akainua bakuli la saladi, akachungulia chini.

"Opal?" alisema. "Opal mwenyewe?"

Nikaanza kupanga vijiko upya.

"Lyle, Bi Opal amekuja? Humu ndani?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Ningesema, "Nadine, nisamehe, ni mkahawa wa Bixby," angenitukana, tungetupa plasta, tungekula chakula cha kununua kama watu waliopatwa. Badala yake nilisema:

"Walikuja kwa pamoja."

Dada yangu akaniegemea begani akalia. Tangu Mama azikwe hakuwahi kuniegemea.

"Wamekusamehe," alisema. "Mungu ni mwema, Lyle. Wamekusamehe, na Baba ameheshimiwa."

Doyle akatoka nje. Nilimwona dirishani akizungukazunguka, anapiga mawe teke.

Saa kumi wageni wakaingia. Baba mdogo Wendell, mtu wa sauti kubwa na tumbo la kuitunza sauti hiyo, alipoiona meza akapiga mluzi.

"Alaa! Orrin alikuwa mtu wa watu! Kule kwetu hata mkuu wa wilaya hakupata meza kama hii."

Nadine akatabasamu. Ninalikumbuka tabasamu lile, na kila nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Kisha akaja Mchungaji Ragsdale. Na nyuma yake, kimya, mikono mitupu, wakaja wanawake sita wa Tolliver, Bi Opal Ketchum akiwa mbele. Wao walikuja kumuaga Baba. Chakula ni jambo jingine, na kuaga ni jambo jingine. Walipita moja kwa moja hadi jenezani, wakainamisha vichwa. Nadine alimkimbilia Bi Opal akamshika mikono.

"Asante, Bi Opal. Sijui nitakulipa nini."

Bi Opal akashangaa kidogo. "Mtu kumuaga jirani yake si la kulipwa, binti yangu."

Nikadhani limepita.

Lakini kuna jambo nilikuwa nimelisahau kwa kuishi mabarabarani. Mchungaji Ragsdale haombei chakula cha msiba kwa jumla. Ataliinua kila bakuli, asome jina chini yake, amwombee mwenyewe. Ni desturi yake tangu aanze kuwa mchungaji, na watu wanaipenda, maana hapo ndipo kila mtu anajulikana kwa alichofanya.

"Tuinamishe vichwa," alisema.

Nikamwona anakunja mikono ya shati lake.

"Mchungaji," nilisema, "chakula kinapoa. Labda leo ombi fupi."

"Bwana hana haraka, Lyle."

Akainua bakuli la kwanza. "Ee Bwana, tunakushukuru kwa ajili ya kuku huyu na wali huu. Mbariki mtumishi wako Ruby Haskew, umpe afya, umwongezee siku za..."

Akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu hata watu wakaanza kufungua jicho mojamoja. Mchungaji bado alikuwa ameinamia chini ya bakuli, anasoma tena.

"Ruby," alisema, sauti imebadilika, "nilimzika mwenyewe. Wakati wa kupanda pamba."

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa Nashville nikitania watu redioni, Ruby wa bawa la kuku akazikwa, na mimi sikupata hata kuuliza habari zake.

Baba mdogo Wendell akasema, "Labda aliacha ameshapika."

Mtu mmoja wa Oklahoma akaguna kwa kicheko.

Mchungaji akaweka Ruby mezani, akainua saladi. "Opal Ketchum," alisoma, si kwa sauti ya kuomba tena.

"Nani?" Bi Opal akauliza kutoka sebuleni.

"Jina lako hili, Dada Opal."

Bi Opal akaingia jikoni. Watu wakampisha. Alichukua kijiko, akachota viazi kidogo, akaonja, akakiweka kijiko chini polepole.

"Haradali," alisema. "Mimi na haradali wapi na wapi? Na bakuli lenyewe jipya, halijawahi hata kuingia jikoni kwa mtu. Hii ni saladi ya mkahawa wa Bixby. Mume wangu huila kwa siri, akirudi namnusa mdomo."

Hapo watu wa Oklahoma walishindwa kujizuia. Baba mdogo Wendell akanipiga mgongoni kwa nguvu.

"Lyle bwana wewe! Hata msibani! Marehemu ameletewa chakula na marehemu mwenzake! Huu ndio wimbo mpya, sivyo?"

Kicheko kile nakijua vizuri. Huanza kwa mmoja, kikaenda kwa wa pili, kikashika chumba kizima. Nimekifuata mji kwa mji, nimekinyenyekea, nimekiuzia watu. Siku ile kilicheka hatua chache kutoka kwa jeneza la baba yangu lililo wazi, na aliyekileta ni mimi.

Nadine hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Walikuja kwa pamoja," alisema taratibu. "Hivyo ndivyo ulivyoniambia."

"Nadine, nilitaka Baba asi..."

"Niliegemea bega lako, Lyle."

Nilijitafuta nikajikosa.

Bi Opal alikuwa amewaka. Kumwibia jina mwanamke wa Tolliver na kuliweka chini ya viazi vyenye haradali ni tusi, na tusi lile alikuwa ametukanwa mbele ya mchungaji wake.

"Haya," alisema, "maadamu nyumba hii leo imeamua kusema uongo, tuumalize wote. Nadine, binti yangu, mimi sikutaka kuliuliza hili. Nilisema la msiba liishie msibani. Lakini mmelianza ninyi. Jumatatu alfajiri niliamka kuwapa kuku chakula, nikaiona pikapu yako nyuma ya nyumba ya Vernell Stovall. Imewashwa, taa zimezimwa. Jua halijapanda, tunasikia Orrin amekutwa kafa kwenye kiti chake barazani. Ulikuwa unafanya nini kule?"

Uso wa Nadine ukaisha damu.

"Nili... nilikwenda kuazima sukari."

"Alfajiri? Na turubai la kufunikia pamba nyuma ya gari?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba mwongo akiifupisha, anaweza kumsukumia humo na dada yake aliyekuwa amepita salama. Laiti ningekaa tu kama nilivyoambiwa, Bi Opal angeondoka na siri yake kifuani. Mimi ndiye niliyemfungua mdomo kwa saladi.

"Nadine," Mchungaji akasema, "jibu swali, binti yangu."

"Hodi," sauti ikasema kwenye mlango wa mbele.

Wote tukageuka.

Alikuwa Bi Vernell Stovall. Kichwa wazi, bila kofia, nywele zimekuwa nyeupe tupu. Mara ya mwisho kumwona zilikuwa nyeusi. Mikononi alikuwa na bakuli la bluu, limeungua pembeni kwa kuokea miaka mingi, limefunikwa kwa kitambaa safi. Alipita sebuleni, akasimama jenezani, akamtazama Baba. Akaja jikoni. Akamsukuma Ruby wangu pembeni kwa kiwiko, akaweka bakuli lake katikati ya meza.

"Samahani nimechelewa," alisema. "Sikuweka vitunguu. Orrin vilimsumbua tumbo."

"Vernell," Bi Opal akasema, "wewe unayajuaje ya tumbo la Orrin?"

"Nayajua kwa sababu nimempikia kila Jumapili, Opal. Alikuwa anaacha gari lake kisimani, anakata shamba kwa miguu, anaingia mlango wa nyuma. Mtu mzima na mvi zake."

"Bi Vernell," nilianza, "mimi..."

"Wewe nyamaza. Wewe umeshasema vya kutosha."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Alinichumbia," alisema. Hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na Nadine, na nafikiri na Baba. "Wiki ileile tuliyotaka kumwambia Mchungaji, wimbo ukatoka. Nilikwenda dukani, vijana wakaniimbia mlangoni. Nikarudi nyumbani, kofia nikaitia jikoni motoni. Orrin akasema, 'Vernell, tungoje wimbo uzeeke, watu watasahau.' Tukangoja. Kila tukidhani umekufa, redio inaupiga tena. Wimbo haukuzeeka. Sisi ndio tuliozeeka."

Baba hakuwahi kunilaumu. Nilikuwa nikimpigia simu nikiwa kwenye ziara namuuliza, "Mzee, umeusikia?" naye ananiambia, "Nimeusikia, mwanangu. Watu wanaupenda." Na mimi mjinga nilichukua hiyo kuwa sifa.

"Dada Vernell," Mchungaji akasema kwa upole, "Orrin amefia wapi?"

Nadine akamshika mkono. "Usiseme. Bi Vernell, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, mwanangu, lakini sasa wanakuita wewe mwongo, na mwongo wa nyumba hii si wewe." Akainua kichwa. "Amefia mezani kwangu. Jumapili, baada ya ibada, amekula sahani moja, anaomba ya pili. Nikageuka kumpakulia. Nilipomgeukia tena, hayupo."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite umkute wapi, Mchungaji? Mezani kwa Velma?"

Mchungaji akatazama chini.

"Nikampigia Nadine," Bi Vernell akaendelea. "Tukakaa naye hapohapo mezani mpaka alfajiri, sisi wawili na yeye. Tukamfunga kwenye turubai. Nadine kichwa, mimi miguu. Alikuwa mzito. Alituponyoka mara moja kwenye ngazi. Tukamleta hapa, tukamkalisha kwenye kiti chake, tukamvika na kofia yake, ili watu waseme amekufa kwa heshima. Mtu aliyenipenda nilimbeba kama nguruwe wa wizi, ili asiimbwe."

Siri ya maiti aijuaye mwosha, husema wakubwa. Dada yangu alikuwa ameibeba siri ile tangu Jumatatu, akanifungulia mlango, akanionyesha meza tupu, na hakuniambia. Alinionea huruma. Mimi!

Bi Opal alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Wanawake wengine wanalia. Baba mdogo Wendell na watu wake wote wa Oklahoma wakavua kofia. Na mimi nikasubiri machozi yangu. Nilikuwa nayo, yalikuwa yanakuja.

Ukaja ubeti.

Naapa sikuuita. Ulikuja mzima na vina vyake, ngazi, turubai, kofia na mzee anayeomba sahani ya pili. Siuandiki hapa. Nawaambia tu kwamba ulikuwa unachekesha. Katika miaka yote ya kutunga sijawahi kupata ubeti mzuri kama ule, na niliupata nikiwa nimesimama kati ya jeneza la baba yangu na mwanamke niliyemwibia ndoa. Nikajaribu kuufukuza. Nikataja jina la Mungu. Ukaja wa pili.

"Lyle," Nadine akasema.

Nikashtuka.

"Midomo yako inacheza."

"Naomba," nilisema. "Nasali."

"Na vidole je? Vinasali?"

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unapiga mdundo kwenye paja, taratibu, mdundo wa dansi ya waltzi. Doyle kule mlangoni aliutazama mkono ule, kisha akautazama uso wangu, akaelewa. Naye ndiye aliyeinamisha kichwa kwa haya.

"Unatunga," Nadine akasema. Hakupiga kelele. "Baba amelala pale, na wewe unatunga."

"Nadine, nisikilize, haiko hivyo..."

"Mwache," Bi Vernell akasema.

Alikuwa amenigeukia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nilitafuta hasira machoni pake ili angalau nijitetee nayo. Sikuiona.

"Mara ile uliniimba mgongoni," alisema. "Nilisikia dukani, kwa watoto wa watu. Safari hii nataka nisikie mwenyewe, kwa mdomo wako. Doyle, au nani jina lako, mletee gitaa."

"Mama, tafadhali," Doyle akasema.

"Mletee."

Doyle akatoka. Tulisikia mlango wa basi ukifunguka kule nyuma ya ghala. Hakuna aliyegusa chakula. Nadine hakuniangalia tena. Doyle akarudi na gitaa, akaniwekea mikononi, akaenda kusimama upande wa dada yangu.

Bi Vernell akavuta kiti cha Baba cha mezani, akakiweka mbele yangu, akakaa, akapakata mikono yake.

"Haya, Lyle," alisema. "Imba."